Bima kubwa ninayo ila klemu (madai ya malipo) ya foo wili imegonga mwamba, nimekosea wapi?

Matope_Tupu
Wakuu habari za saa hizi. Nina foo wili yangu ya dizeli, bima kubwa, nimelipia mwaka mzima kwa mkupuo sidaiwi hata senti. Wiki tatu zilizopita tulitoka gari mbili tukaingia njia za porini, sio mashindano wala nini, kutembea tu. Kuna kijito asubuhi tulikivuka maji yako magotini, jioni tunarudi kumbe huko juu mvua imepiga, mwenzangu akatangulia akapita na mimi nikajitosa, katikati gari ikazima. Nikapiga stata kimya, nikapiga tena ikatoa mlio kama nyundo imegonga sufuria halafu basi. Mwenzangu akanivuta na kamba, katika kuvutwa bampa ya mbele ikang'oka upande mmoja, na kufika nchi kavu tunaona oili inachuruzika, jiwe limetoboa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini.

Jana barua imekuja. Injini hawalipi eti maji kuingia kwenye injini ni kitu kilichotengwa. Gharama ya gari la kuvuta hawalipi kwa sababu gari haikuwa barabarani. Bampa watalipa ila nikatwe ekses, yaani ile sehemu ya hasara ninayobeba mwenyewe. Sampu hawajaitaja kabisa. Halafu wanauliza shokapu ndefu na winchi (mashine ya kujivuta kwa waya) nilifunga lini mbona kwenye fomu hazimo. Sasa jamani bima kubwa si maana yake kila kitu? Na hiyo "nje ya barabara" inaanzia wapi, barabara ya vumbi nayo imo?

Jongoo_Haoni
Bima zote ni walewale, kuchukua wepesi kutoa mgumu. Uza gari nunua baiskeli.

Karani_wa_Klemu
Pole sana mkuu. Nimekaa dawati la klemu miaka 9 kabla sijatoka, ngoja nikwambie wanavyoisoma wao.

Kwanza "kubwa" ni jina tu la dukani. Inalipa ajali, wizi, moto na madhara uliyowasababishia wengine, halafu nyuma kule kurasa ambazo hakuna anayezifungua zimeandikwa vitu wasivyolipa. Karibu kila hati utakuta humo uchakavu, hitilafu ya mashine yenyewe, tairi kupasuka au kukatika peke yake bila gari kuumia kwingine, mashindano na majaribio ya mwendo kasi, kuzidisha mzigo, dereva mlevi au asiye na leseni ya aina hiyo ya gari. Hivyo havina mjadala.

Hiyo ya barabara ndio yenye utata na usikubali ujibiwe kwa mdomo. Hati zinatofautiana sana, kuna inayosema barabara ya umma, kuna inayosema barabara iliyotengenezwa, na kuna ambayo haigusi barabara kabisa inakataza mashindano tu. Barabara ya vumbi inayopitwa na kila mtu ni barabara hata kama ina mashimo ya kuzika ng'ombe, njia uliyoifungua wewe kwa bampa ndio nje ya barabara. Kaangalie ukurasa wa maana ya maneno, uko mwanzo kabisa, watu wanauruka ila ndio unaoamua kesi. Na kwa kanuni ya kawaida ya bima wewe kazi yako ni kuonyesha hasara imetokea na inaangukia ndani ya bima, wao wakitaka kutokea kwenye mlango wa kifungu cha kutengwa basi kuthibitisha ni juu yao. Kwa hiyo waandikie, omba namba ya kifungu na nakala ya ripoti ya asesa, yule mkaguzi wao wa hasara.

Shokapu sasa, hapo umejiumiza mwenyewe. Ukiinua gari kitovu cha uzito kinapanda na kupinduka kunakuwa rahisi, hilo ni jambo ambalo kampuni ingetaka kulijua kabla haijakupangia bei. Kuna nchi wanaweza kuifuta bima nzima kwa kuficha jambo kama hilo, kwingine wanapunguza malipo tu. Winchi ina unafuu, usipoitaja kinachopotea mara nyingi ni malipo ya winchi yenyewe. Usije ukawadanganya kwamba umefunga juzi, bolti zenye kutu zinaongea.

Fundi_Difu
Mimi niongelee huo mlio wa sufuria maana nimezifungua injini za hivyo nyingi tu. Dizeli inabana hewa kama mara 14 hadi 20 hivi ndio mafuta yawake. Maji hayabaniki. Yakijaa juu ya pistoni halafu ukapiga stata, kitu kinachokubali kupinda ni konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na kranki. Kwa hiyo gari ilivyozima yenyewe pengine ilikuwa bado salama, stata ya pili ndio iliyoua. Ukizima mtoni acha hivyohivyo, vutwa utoke, fungua nozeli au plagi, zungusha injini kwa spana maji yatoke, kisha ndio ufikirie stata.

Na asesa anajua hayo yote. Anafungua boksi la filta ya hewa anaangalia mstari wa tope umefika wapi, anaangalia oili kama imekuwa rangi ya chai ya maziwa, kamaliza. Watengenezaji nao wanataja kina cha maji, Defender mpya yenye suspensheni ya hewa ni sm 90, Ford Ranger sm 80, lakini hayo ni maji yaliyotulia na wewe unaenda taratibu, sio mto unaokuja na magogo. Ukipita kina kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari asesa atakinukuu hichohicho.

Matope_Tupu
Duh. Kwa hiyo stata ya pili. Nilikuwa naogopa gari isisombwe jamani. Fundi nimetoka kufungua boksi la filta sasa hivi, tope limefika nusu na filta imelowa imekunjana kama karatasi. Karani, na sampu vipi?

Karani_wa_Klemu
Sampu ipambanie, na uitenganishe na injini. Jiwe kugonga chini ya gari ni kitu cha ghafla kutoka nje, hiyo ni ajali, isipokuwa hati yako imetenga sehemu za chini (zipo zinazotenga, angalia). Wanachokataa siku zote ni dereva kugonga jiwe, taa ya oili inawaka, naye anaendelea mpaka injini inashika. Hapo sampu wanalipa injini wanasema umeiua kwa kuendelea. Wewe uliburuzwa injini imezima, kwa hiyo hawana hoja hiyo. Una picha ya ile kamba na gari ikiwa majini?

Kwadi_na_Buti
Naomba kuchomekea dada yenu. Mimi nina kwadi ya magurudumu manne, nilidhani imo kwenye bima ya gari kwa sababu naibeba nyuma ya pikapu. Ikaibiwa na pikapu ikiwa imepaki, nikaambiwa ule ni mzigo sio gari. Tangu hapo ina bima yake. Tena uliza bima ya kwadi kuhusu abiria wa nyuma, yangu haimtambui kabisa, na ukibeba watu kwa malipo hata mara moja imekwisha habari yako, matumizi binafsi ni binafsi. Hivi ukimgonga mtu shambani kwako mwenyewe bima inakujua?

Karani_wa_Klemu
Dada hapo inategemea sheria ya nchi na inaweza kukupeleka mbali. Slovenia kulikuwa na trekta likirudi nyuma ndani ya ua wa shamba tela likagonga ngazi mtu akaanguka, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya mwaka 2014 ikasema bima ya lazima inahusika hata hapo kwa sababu trekta lilikuwa linatumika kama trekta. Uingereza walivyojitoa kwenye Umoja wakaufuta msimamo huo kwa sheria ya 2022, wakarudi kwenye barabara na maeneo ya umma. Kitendo kilekile majibu mawili. Ndio maana nasema uliza na ujibiwe kwa maandishi.

Matope_Tupu
Mrejesho wakuu. Nimeandika kama nilivyoelekezwa, picha za kamba nimeambatanisha. Namba ya kifungu wametuma, injini imetengwa kweli, mstari wa nne ukurasa wa 17, nimenywea. Gari la kuvuta nalo limekataliwa, kifungu chao kinataka gari ifikike na krini kutokea barabarani. Sampu wamekubali, itaingia pamoja na bampa na ekses wanakata mara moja kwa sababu ni tukio moja. Shokapu nimeambiwa nijaze fomu upya na bei itapanda. Fundi, konrodi mbili zimepinda, ya silinda ya tatu na ya nne, ile ya nne unaiona kwa macho bila hata kuweka rula.

Fundi_Difu
Mkague na kichwa cha silinda kabla hujanunua konrodi.