Mafundi wa mashine za boti Amu, acheni kung'oa themostati!

Asalaam aleikum wadau, hasa mafundi na manahodha wa Amu (mji wa Lamu), Shela na Mokowe. Jambo hili limetukera vya kutosha. King'ora cha joto kikilia tu, fundi anakamata spana, anang'oa themostati (kilango kinachozuia maji ya kupoza mashine hadi ipate joto), anaitupa, anarudisha kifuniko na kudai hela yake. Ukimuuliza, jibu ni lile lile: huku kuna joto, kile ni kidude cha nchi za baridi.

Uongo mtupu! Mashine inapozwa na maji ya bahari, na bahari yetu ina nyuzi 25 hadi 29 hivi. Themostati za mashine nyingi za boti hufunguka kati ya nyuzi 50 na 60, kwa sababu silenda inataka joto hilo. Ukiitoa, maji yanapita bila kizuizi na mashine inafanya kazi ikiwa baridi kutwa nzima, jua kali au lisiwe kali.

Matokeo yake mnayaona kila siku. Petroli haigeuki mvuke sawasawa, inabaki matone yanayoosha oili kwenye kuta za silenda, na ringi za pistoni zinalika. Kwenye fostroki (mashine yenye oili yake peke yake) petroli hiyo inateremka hadi kwenye oili. Chomoa kijiti cha kupimia: oili imepanda juu ya alama na inanuka petroli. Halafu mwenye boti anafurahi eti mashine yake haili oili! Hiyo imeshakuwa nyepesi, hailindi beringi. Mwaga yote, badilisha na kichungi. Tustroki (zinazochanganya oili na petroli) nazo plagi zinajaa masizi mabichi, mashine inazimika ukipunguza mwendo. Boti za Mokowe na Amu ndizo zinazoumia zaidi, maana safari ni fupi.

Joto likizidi, tafuta chanzo. Tazama maji yanayoruka nyuma. Yakiwa hafifu, zibua kitundu kwa waya. Bado? Shusha mguu (sehemu ya chini ya mashine), kagua impela, kile kigurudumu cha mpira chenye mabawa kinachosukuma maji. Bawa likiwa limekatika, tafuta kila kipande, kwani kinapanda juu na kuziba njia ya maji. (Wengi wanafunga impela mpya na kuacha vipande ndani, kisha wanalaumu themostati.)

Themostati yenyewe inapimwa jikoni. Itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, isiguse chini, upashe moto taratibu. Ikifunguka kwenye nyuzi zilizoandikwa katika kitabu cha mashine na kujifunga ikipoa, ni nzima, irudishe na gaskiti mpya. Ikikwama, nunua nyingine.

Mkisafisha chumvi kwa maji matamu huku mashine inaunguruma, iacheni dakika 10 hadi 15 ipate moto, themostati ifunguke, maji yafike kote. Mkizima baada ya dakika mbili, chumvi inabaki ndani na king'ora kitalia tena.

Na fundi akishaitoa, amkabidhi mwenye boti mkononi na amwambie wazi kwamba mashine haina themostati. Kuificha ni dhuluma.