Naomba ushauri: mahali pa kuvua samaki kwa mtu wa kiti cha magurudumu

Habari zenu ndugu. Baba yangu, miaka 68, alipata kiharusi mwaka jana na upande wa kushoto umelegea. Anatumia kiti cha magurudumu. Husimama dakika chache tu akishikiliwa. Mkono wa kulia bado una nguvu, na hamu ya ndoano haijamtoka hata kidogo.

Tunaishi Nakuru. Ziwa letu limo ndani ya hifadhi, kwa hiyo nilimpeleka Naivasha. Tangu maji yapande mwaka 2020 ukingo umebadilika sana. Tulipofika palikuwa matope na mafunjo, magurudumu yakazama, na viboko wapo. Siwezi kumweka mahali ambapo hatuwezi kuondoka upesi. Tukajaribu mashua. Vijana wanne walimbeba kumwingiza, nami nikamwona ameinamisha uso. Sitaki apitie hayo tena.

Je, kuna anayejua mahali, iwe Naivasha, Baringo au kwenye mabwawa ya samaki upande wa Sagana, penye gati au ukingo mgumu ambao gari linafika karibu? Na anayevua kwa mkono mmoja huifungaje fimbo kwenye kiti ili samaki asiivute?