Tairi la nyuma la mashine ya nyasi ya kuendesha limegoma kutoka. Msaada wakuu

Kijana wa Raskazone
Wakuu, habari za jioni. Nina mashine ya kukatia nyasi, ile ya kukaa juu na kuendesha, mtumba wa Uingereza. Naitumia kwenye uwanja wa jamaa mmoja hapa Tanga, karibu kabisa na bahari. Tairi la nyuma la kulia linaisha upepo kila siku, nikataka nilitoe nilipeleke kwa fundi pancha. Nimebandua kifuniko cha plastiki, nikatoa kilipu, wosha ikafuata, nikajua kazi imekwisha. Wapi! Ringi halitikisiki. WD-40, yale mafuta ya kopo ya kulegeza kutu, nimepuliza, nimevuta, nimelisukuma kwa miguu nikiwa nimekaa chini. Sasa jirani ana nyundo kubwa ya kuvunjia mawe, anasema nimwachie yeye. Nimwachie?

Mzee wa Spana
Usimwachie! Mwambie akavunje mawe yake.
Sikiliza mdogo wangu. Ekseli hiyo inaingia kwenye giaboksi, na kasha la giaboksi za mashine hizi kwa kawaida ni alumini. Ukigonga ncha ya ekseli, kishindo chote kinakwenda kwenye gia na beringi za ndani. Ukigonga ringi kutokea nyuma, unaivuta ekseli nje, na kilichoishikilia huko ndani huenda ni kilipu ndogo kama hiyo uliyoitoa. Ringi utalipata kwa mafundi wa vyuma chakavu. Giaboksi ikipasuka unauza mashine kwa kilo.

Dada Bustani
Kwani lazima ulitoe? Matairi hayo mengi hayana mpira wa ndani. Kama ni msumari, unachomeka ile plagi ya tubeless ringi likiwa hapo hapo kwenye mashine, unajaza upepo, unaendelea na kazi.

Kijana wa Raskazone
Dada, ingekuwa msumari nisingewasumbua. Nimepaka povu la sabuni, mapovu yanatoka pembeni, pale tairi linapokutana na ringi. Kutu imekula ukingo wote.

Dada Bustani
Basi hapo litoke tu, likwanguliwe. Pole kaka.

Bwana Jeki
Mimi nashauri njia ya bure. Kilipu ikiwa imetoka, endesha mashine polepole kwenye nyasi tambarare huku unachora nane. Kila ukikata kona ringi linatikisika kwenye ekseli, kutu inaachia kidogo kidogo. Nimeona likitoka hivyo.

Mzee wa Spana
Njia hiyo ipo, sikatai. Ila kisu kizimwe, na asiende mbali wala kwenye mteremko, maana likiachia linaachia ghafla na mashine inakaa kiuno upande. Kwa kutu ya bahari sidhani kama itatosha.

Fundi wa Chumbageni
Mkuu, maswali mawili. Ekseli ina mfereji ambao ndani yake kuna kipande cha chuma cha mraba, yaani kii? Na ringi lina matundu ya kupitisha kucha za pula, kile chombo cha kuvutia ringi litoke?

Kijana wa Raskazone
Kii ipo, naiona kichwa, imejaa kutu. Ringi halina tundu hata moja, ni sahani kavu. Nimeazima pula ya miguu mitatu gereji, haina pa kushika.

Fundi wa Chumbageni
Sawa. Mashine nyingi za nyumbani, iwe Craftsman, Husqvarna au John Deere ndogo, ziko hivyo: ekseli ya inchi robo tatu, kii ya inchi tatu kwa kumi na sita (3/16), ringi linateleza juu yake na kushikiliwa na kilipu tu. Likikaa miaka bila grisi, kutu inavimba katikati na kuwa gundi.

Kwanza usalama. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, usitegemee breki ya mkono. Breki inashika kabla ya difu, yaani zile gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya nyuma, kwa hiyo gurudumu lililo juu likizunguka, lile la chini linaweza kuzunguka kinyume na mashine ikaondoka. Weka magogo kwenye magurudumu yote yaliyobaki chini, kisha kalisha fremu kwenye stendi. Usilale chini ya jeki peke yake.

Pili, hiyo WD-40 uliipuliza wapi? Wengi wanapuliza juu juu, inamwagika. Inua upande huo zaidi ili ncha ya ekseli itazame juu kidogo, safisha mfereji wa kii kwa msumari, halafu dondoshea mafuta humo humo kwenye mfereji. Ndiyo njia nzuri ya mafuta kufika katikati ya habu, yaani kitovu cha ringi kinachovaa ekseli. Mafundi wengi huchanganya mafuta ya giaboksi ya otomatiki nusu kwa nusu na asetoni ili yapenye. Rudia asubuhi na jioni, usiwe na haraka.

Bwana Jeki
Na moto je? Gesi kidogo kwenye habu, linatanuka, linatoka.

Fundi wa Chumbageni
Moto mimi siutaki hapo. Tairi lenye upepo likipashwa kwenye ringi linaweza kulipuka na kuua mtu. Tangi la petroli kwenye nyingi ya mashine hizi liko chini ya kiti, karibu na ekseli hiyo hiyo. Sili ya mafuta iko nyuma tu ya habu. Na umeshamwaga asetoni! Acha.

Tatu, pula ya kutengeneza. Toa upepo wote, ng'oa na sindano ya valvu. Kwenye sahani ya ringi, kushoto na kulia kwa habu, toboa matundu mawili ya milimita 12. Hakikisha kwanza kwa kuchungulia nyuma kwamba sahani hiyo haishiki upepo. Upepo unashikwa na pipa la nje, lakini kuna maringi ya vipande viwili, usitoboe kwa kubahatisha. Pitisha nondo mbili zenye nyuzi, weka nati na wosha nene kwa nyuma. Kwa mbele weka bamba nene lenye nati iliyochomelewa katikati, na bolti inayosukuma ncha ya ekseli. Kaza hadi iwe ngumu, gonga kichwa cha bolti kidogo kwa nyundo ndogo, iache. Kesho kaza robo mzunguko. Hapo nguvu yote iko kati ya ekseli na habu, giaboksi haijui kama kuna vita.

Mzee wa Spana
Umemaliza fundi. Sina la kuongeza.

Kijana wa Raskazone
Wakuu, mrejesho. Mchomeleaji wa mtaani kanitengenezea bamba. Nimekaza jana jioni, likagoma. Leo asubuhi nimegusa spana tu, PAA! Jirani katoka nje akidhani bomba limepasuka. Ringi limetoka, ekseli haijakwaruzika. Ila kii imelika upande mmoja na dukani wana chuma cha mraba cha milimita 5 tu. Kitafaa?

Fundi wa Chumbageni
Hongera. Inchi tatu kwa kumi na sita ni milimita 4.76, kwa hiyo cha 5 hakitaingia bila kukipunguza. Kipige tupa upande mmoja, ukijaribu kila mara, kiingie kwa kusukuma na kidole gumba. Usikipige nyundo kiingie, utarudi hapa. Ekseli ipige msasa laini, paka grisi ya shaba urefu wote, na ndani ya habu pia.

Bwana Jeki
Na la kushoto ulitoe sasa hivi, bamba ukiwa nalo.

Kijana wa Raskazone
La kushoto nimeshaanza kulidondoshea mafuta.