C iondolewe mwaka wa kwanza? Tujadili, wa Tabora na Kigoma

Wa Isevya, Tabora:
Wakuu, habari za kazi. Baadhi ya wenzetu wanaofundisha kompyuta wanataka lugha ya programu ya C iondolewe mwaka wa kwanza, vijana waanze na Python, lugha inayoachia kumbukumbu yenyewe, kwa kuwa kuachia kumbukumbu kwa mkono (kurudisha wenyewe nafasi waliyoomba kwa kompyuta) kunawashinda. Mimi napinga.

Chukua programu ndogo ya chama cha msingi cha tumbaku. Kila mkulima ana rekodi iliyotengewa nafasi kwa malloc (amri ya kuomba kumbukumbu), na ndani yake kuna jina lenye malloc yake. Mwanafunzi anaandika free(mkulima), yaani anaachia nafasi ya rekodi, mstari unaofuata free(mkulima->jina), kuachia jina lililo ndani yake. Asipowasha maonyo, kompaila (inayogeuza msimbo kuwa programu) inaweza kunyamaza, na programu ikafanya kazi vizuri tu mbele ya mwalimu. Kumbe ameshasoma nafasi isiyo yake tena! Jina lilipaswa kutangulia, rekodi ifuate.

Tunawaambia "weka NULL baada ya free", yaani pointa (anwani ya nafasi) isielekeze popote, tukidhani tumemaliza. Desturi nzuri, maana free(NULL) haifanyi lolote. Ila rekodi hiyo ikiwa pia kwenye orodha ya wadaiwa wa pembejeo, pointa ya huko bado inaelekeza palepale. Ukiachia tena kupitia huko, lolote laweza kutokea. Lazima ijulikane nani mwenye rekodi: orodha moja imiliki, nyingine iazime tu. Python haimlazimishi mtu kuliwaza hilo.

Wa Ujiji, Kigoma:
Mkuu, hoja ya umiliki naikubali, hitimisho hapana. Mwaka 2020 Google walieleza kwamba takribani asilimia 70 ya kasoro kubwa za usalama za Chrome, kivinjari chao, zilitokana na kumbukumbu, na karibu nusu ya hizo ni kutumia nafasi iliyokwisha kuachiwa. Hao ni wazoefu, sembuse kijana anayeanza? Lugha ya Rust inauliza swali lako hilohilo la nani mwenye, na ukikosea kompaila inakugomea.

Wa Isevya, Tabora:
Chrome ni C++ (ndugu wa C), lakini ugonjwa ni huohuo, sibishi. Rust ije, hata Linux, kiini cha mfumo endeshi, imeipokea tangu toleo la 6.1, Desemba 2022. Ije mwaka wa pili. Anayegomewa bila kujua sababu atabandika clone (amri ya kunakili data) kila mahali mpaka kompaila ikubali. Kwenye C, akikompaili kwa -g na -fsanitize=address (chaguo za kunasa makosa ya kumbukumbu), kosa likitokea anaonyeshwa mstari wa malloc, wa free, na ule alikogusa baadaye. Zoezi lenye ripoti hiyo lisipokewe. Walimu wenzangu, ninyi mnasahihishaje?