"Mnyapara" limetoka wapi?

Kijana wa Shangani
Wakuu, kwenye maghala ya korosho hapa Mtwara anayewapanga vibarua wa kupakia magunia anaitwa mnyapara. Wengine wanadai neno ni la Wajerumani, wengine eti limetokana na kipara. Lipi kweli? Na katika barua ya chama cha msingi linafaa?

Mikindani Kwetu
Kipara hakihusiki kabisa, na Wajerumani wamelikuta. Ni la Kinyamwezi: mnyampara, yaani mzee, mkubwa wa watu. Karne ya 19 Wanyamwezi walijaa kwenye misafara ya Tabora na Bagamoyo, neno likashuka nao pwani, m ya katikati ikadondoka. Usimchanganye na kirongozi. Kirongozi hutangulia na bendera, anaonyesha njia. Mnyapara ana kundi lake la wapagazi: anawagawia mizigo, anajua nani kabeba nini, na mtu akitoroka anaulizwa yeye. Tajiri akiwapunja posho, wapagazi nao wanamtuma yeye huyohuyo.

Ngwe
Ukali wa neno hili umeingia mashambani. Kwenye mkonge, Lindi na Mikindani zikiwemo, mnyapara ndiye aliyesimamia ngwe, yaani kazi ya siku uliyopimiwa. Ukimaliza ngwe, siku yako ilitiwa alama kwenye kipande, kadi ya kazi ya siku 30. Ngwe ikibaki, siku imepotea hata kama umeshinda juani. Sasa mtu mwenye uwezo wa kukufutia siku utampenda? Gerezani nako nyapara ni mfungwa anayesimamia wafungwa wenzake.

Kijana wa Shangani
Kwa hiyo ni sawa na jumbe?

Mikindani Kwetu
Hapana. Akida na jumbe walikuwa watu wa serikali ya Wajerumani. Mashamba ya pamba ya Umatumbi yaliyochochea Maji Maji mwaka 1905 yalikuwa chini yao. Mamlaka ya mnyapara yanaishia kwenye kazi. Kazi ikiisha, hana mtu.

Karani Mstaafu
Kwenye barua usiliandike. Anayesoma anaweza kufikiria gereza, halafu halielezi kama huyo mtu kaajiriwa na ghala au kachaguliwa na vibarua, na ugomvi wa malipo huanzia hapohapo. Wa ghala mwandike "msimamizi wa upakiaji", wa vibarua "kiongozi wa wapakiaji", na utaje nani anamlipa. Kwa mdomo, wingi ni wanyapara. Wengine husema "manyapara".