Kodi ya mafuta Marekani: Kongresi watakubali kuisimamisha hiyo miezi mitatu, au nisisubiri?

Dereva_wa_Usiku
Wakuu habari za saa hizi. Naomba wenye uelewa na mambo ya Washington mnisaidie, kesho natakiwa nimjibu dalali wa mizigo. Juzi tarehe 22 Juni 2022 Rais Biden kawaomba Kongresi wasimamishe kodi ya mafuta ya serikali kuu mpaka mwisho wa Septemba, yaani senti 18.4 kwa galoni ya petroli na 24.4 kwa dizeli. Mi lori ni langu mwenyewe, kila galoni inatoka mfukoni kwangu. Jana usiku nimejaza galoni 180 kwa dola 5.80, nimesimama pale kwenye pampu naangalia namba zinavyokimbia mpaka zikapita elfu moja na arobaini, miguu ikaisha nguvu. Hapo hiyo kodi peke yake ni kama dola 44. Kwa wiki natumia karibu galoni 400, ukipiga hesabu ya wiki 13 ni zaidi ya dola 1,200, hayo ni matairi kadhaa ndugu zangu.

Sasa dalali anataka bei moja ya kubeba mzigo Julai mpaka Septemba. Nikishusha bei kwa kutegemea kodi itaondoka halafu wasipitishe, nimekwisha. Nikipandisha, mzigo anapewa mwingine. Je watapitisha kweli?

Mzee_wa_Hoja
Mkuu usisubiri. Seneti Democrats na Republicans ni 50 kwa 50 na mswada wa namna hii ili usikwamishwe unataka kura 60, McConnell, kiongozi wa Republicans pale Seneti, ameshaupinga waziwazi, hizo kura kumi zinatoka wapi? Halafu hata ndani ya chama chake Biden hawajakaa sawa, Spika Pelosi hajaahidi kitu, DeFazio ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati ya usafirishaji kule Baraza la Wawakilishi anaipinga hii kitu. Kuna mswada wa maseneta Kelly na Hassan umekaa tangu Februari, mpaka leo haujasogea. Na mwezi Agosti wabunge wanaenda likizo. Mi naona haupiti.

MamaWawili
Mnaongea kura kura na watu wanaumia. Mi nahudumia wazee majumbani, kwa siku naenda nyumba tano na silipwi mafuta, kuna siku nimekaa kwenye gari nje ya nyumba ya mteja nawaza nirudi au niingie. Georgia wamesimamisha kodi yao ya jimbo tangu Machi, Maryland walifanya siku 30, New York wameanza Juni. Kama majimbo yameweza kwa nini Kongresi washindwe? Hata kama ni dola tatu kwa tenki, hizo tatu kwangu ni hela.

Hesabu_Kwanza
Mama pole sana, na wala sisemi dola tatu si hela. Ila naomba nieleze inavyofanya kazi maana wengi tunadhani hii kodi inakatwa pale pampu. Haikatwi pale. Inalipwa kule kwenye bohari kubwa, lori la mafuta linapopakia, ikifika kituoni tayari imo ndani ya bei. Kwa hiyo wakiifuta leo anayepata nafuu wa kwanza ni yule wa bohari, kisha msambazaji, kisha mwenye kituo, wewe ni wa mwisho, na hakuna sheria inayombana kila mmoja aishushe yote. Illinois walisimamisha kodi yao mwaka 2000, Obama akiwa seneta wa jimbo akaipigia kura ya ndiyo, halafu mwaka 2008 McCain na Hillary Clinton, wapinzani wake kwenye mbio za urais, walipotaka ifanyike nchi nzima yeye akakataa, akisema aliona mwenyewe mwananchi hakupata nafuu ya maana.

Kingine ni barabara. Hii hela inaingia mfuko wa barabara kuu ulioanzishwa 1956, na kiwango hakijapanda tangu 1993, kila kitu kimepanda bei lakini senti ni zilezile 18.4, ndo maana tangu 2008 mfuko unaongezewa hela kutoka hazina kuu. Kusimamisha miezi mitatu ni kama dola bilioni 10. Hapo ndo wabunge wengi wanapogoma, na kwa hilo mi nawaelewa.

Kamba_na_Turubai
Dereva, acha kubahatisha. Usimpe bei moja iliyofungwa. Mpe bei ya mzigo peke yake, na mafuta yakae pembeni kama nyongeza inayobadilika kila wiki. Kila Jumatatu Idara ya Nishati inatoa bei ya wastani ya dizeli nchi nzima. Mnakubaliana bei ya msingi tuseme dola 4, dizeli ikiwa 5.80 tofauti ni 1.80, unagawa kwa maili unazokwenda kwa galoni moja, ukiwa na 6 inakuja senti 30 kwa maili. Wakipitisha bei ikashuka, na yeye analipa kidogo. Wasipopitisha, huumii. Na iandikwe kwenye mkataba, usikubali ya mdomo.

Dereva_wa_Usiku
Kamba, Mungu akubariki, hii sikuwa nayo kichwani kabisa. Lori langu linakwenda 6 na nusu likiwa na mzigo, kwa hiyo nyongeza inakuja kama senti 28. Naandika sasa hivi nimtumie kabla hajalala.