Naomba ushauri: programu yangu ya Python inafanya kazi lakini haisomeki

Habari zenu wakuu. Nina programu ndogo ya Python inayosoma faili la CSV la mauzo ya duka na kutoa jumla ya kila bidhaa. Majibu ni sahihi. Shida ni kwamba nikiifungua baada ya wiki mbili, mimi mwenyewe niliyeiandika siielewi.

Funksheni moja ina mistari 140, `if` ndani ya `if` hadi ngazi ya tano, na majina kama `x2` na `data_mpya2` (sikumbuki hata ilikuwa mpya kuliko nini). Nimeipitisha kwenye Black, ile zana inayopanga upya muonekano wa msimbo. Nafasi zimenyooka, fujo iko palepale. Kisha nikakikunja kitanzi cha mistari sita kikawa mstari mmoja wenye `for` mbili na `if` mbili. Ni mfupi kweli, ila unanichanganya zaidi, na umeshapita kikomo cha herufi 79 kwa mstari cha PEP 8 (mwongozo wa mtindo wa kuandika Python).

Mnatumia kigezo gani kuamua kipande fulani kitolewe kiwe funksheni yake? Na zile `if`, nianze kwa kutoka mapema kwenye funksheni kwa `return`, au kuna njia nzuri zaidi? Mkihitaji kuiona, nitaibandika hapa.